Gari la Kiwanda Kilichokufa

"Lete barua ya kiwanda kilicholiunda," alisema Bi Mwanamkasi, karani wa usajili wa magari, macho kwenye kompyuta.

Shekue alishusha pumzi. "Dada, kiwanda cha Orvena kilikufa kabla sijazaliwa."

"Basi lete cheti cha kifo."

Gari la marehemu baba yake Shekue lilikuwa zima, lakini lisipopata namba mpya leo, kesho lingevutwa kwa wauza vyuma chakavu. Na kompyuta haikuwa na jina Orvena, wala haikukubali fomu ipite bila jina la kiwanda.

"Nikuandikie Toyota, yaishe?"

"Wewe ungekubali kuandikiwa baba wa jirani?"

Mwanamkasi alisonya, akachukua tochi, akatoka kukagua namba ya chasisi. Hakuifikia. Alisimama kwenye mlango wa nyuma, akakitazama kiti cheupe.

"Hili si ndilo lililokuwa likibeba maharusi?"

"Ndilo."

"Siku ya harusi yangu mama alinigombeza njia nzima. 'Usishike kiti, hina haijakauka!'"

Kwenye kiti palikuwa na alama ya kiganja, hudhurungi iliyofifia. Baba yake Shekue aliisugua mpaka akachoka.

Dirishani watu wa foleni walikuwa wakimwita karani kwa hasira. Mwanamkasi aliingia garini, akaketi, akaweka kiganja juu ya ile alama. Kilienea barabara.

"Dada, na namba je?"

"Funga mlango kwanza," alisema, akijitandia mtandio kichwani kama siku ile.

Shekue aliufunga, akabaki ameshika ufunguo.