Sikio la Zulekha

Nyumba yetu iko mita kumi na nane chini ya bahari, kama zote za mtaani, na kwenda huko ni kuzamia kwa kufuata kamba. Anayegeuka njiani kwa sababu masikio hayafunguki si mkazi tena. Anahamishiwa bara peke yake, hata awe na miaka tisa kama mdogo wangu Zulekha.

Leo alikuwa na mafua.

"Pua yako bomba bovu," nilimtania tukiwa bado juu ya maji. "Samaki watakukimbia."

"Mbona sura yako wameshaizoea?"

Tulipofika mita sita alibana pua, akapuliza. Akapuliza tena kwa nguvu, macho yakamtoka. Nikainua kidole gumba: tupande? Akatikisa kichwa, akaendelea kushuka.

Nyumbani alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alisema chumba kinazunguka. Mama alimfuta haraka damu iliyotiririka kutoka sikioni hadi shingoni, maana mkaguzi wa mtaa, anayewahamisha pia walioharibika masikio, hupita kabla ya chakula.

"We kichwa nazi," nikamwita kutoka kushotoni kwake.

Hakugeuka.

Mama akanivuta, akanikalisha kuliani kwa Zulekha. "Utakaa hapa," akaninong'oneza. "Mkaguzi akimuuliza kitu, mfinye mara moja, aseme ndiyo."

Mlango ukagongwa. Zulekha alikuwa akinitabasamia tu, kana kwamba hakuna aliyebisha.