Divai ya Harusi ya Edita

Tangu walipomzika binti yao Edita, Anzelmi hakutia kitu kinywani ila maji. Mkewe Skolastika alimpikia uji, akampikia mtori wa ndizi, hata kuku; vyote vilirudi jikoni vimepoa. Mchana huo alimwona anashindwa kufunga kifungo cha shati. Akakaanga dagaa, akawakamulia limau, kisha akafungua ile divai nyeupe ya Sisilia ambayo mumewe, mhudumu wa hoteli, alikuwa ameiweka kwa ajili ya harusi ya binti. Akaimimina kwenye kikombe cha chai.

Anzelmi alikitazama kikombe kwa muda mrefu.

“Hii hunywewa baridi,” alisema.

Skolastika alijikaza asilie. “Na huendana na chakula gani, Baba Edita?”

“Samaki. Kitu chenye chumvi.”

“Kwani dagaa si samaki?”

Anzelmi alionja divai, akafumba macho. Kisha akaokota dagaa mmoja kwa mkia, akamwinua taratibu. Karibu na midomo mkono ukasita. Skolastika alishika ukingo wa meza, akabana pumzi, na maji ya limau yakawa yanadondoka kutoka kwa dagaa, tone kwa tone, juu ya kitambaa cha meza.