Jozi ya Mei Mosi

Bwana mwenye kiwanda alitia mguu wa kulia kwenye kiatu, akainua goti, akakanyaga jukwaa kwa nguvu zake zote.

Vlasta, aliyekishona kiatu kile, alikuwa amesimama kando yake jukwaani. Kila Mei Mosi bwana huyo huvaa jozi mpya hadharani na kuikanyagia hivyo, mji wake mzima wa matofali mekundu ukimtazama. Ndani ya kila kisigino Vlasta alikuwa ameficha msumari, ncha ikitazama juu, chini ya ngozi nyembamba. Kipupwe kilichopita, walinzi wa bwana huyo walimpiga mumewe virungu mpaka akafa, kisa mgomo.

Bwana hakulia. Alikanyaga tena. Jasho lilimtoka puani, na kwenye mshono wa kiatu damu ikaanza kuchirizika, nyembamba kama uzi. Watu waliokuwa chini ya jukwaa hawakuiona. Walipiga makofi, tarumbeta zikalia.

"Kimenikaa," akasema kwenye kipaza sauti, akitabasamu. Akaokota kiatu cha kushoto, akamnyooshea Vlasta. "Hiki vaa wewe, dada. Nawe wakuone."

Kicheko kikazuka. "Vaa basi, Vlasta," mmoja akapaza sauti kutoka chini. "Au una vidole sita?"

Walinzi wakasogea.

"Mbona unasita?" bwana akamnong'oneza. "Leo tunakula sahani moja."

Vlasta akavua kiatu chake. Mguu ulipwaya ndani ya kile kikubwa, kisigino kikaigusa ncha.

Akamtazama bwana machoni, akainua goti juu kuliko alivyoinua yeye.