Mgeni Aliyekataa Chai

Mgeni alikataa chai ya meneja. Hapo ndipo mshonaji wa kola alipoanza kumwamini.

Wakaguzi waliotangulia walikunywa chai, wakasifu usafi wa kiwanda, wakaenda zao. Huyu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliomba chumba chenye mlango unaofungika, akamwambia meneja akae mbali, kisha akaanza kuita washonaji mmoja mmoja. Alisema ametumwa na wanunuzi wa ng'ambo, watu wasiotaka kuuza shati lenye machozi ya mtu.

Kiwanda kilikuwa kimepambwa tangu alfajiri kama bibi harusi. Glavu mpya zimegawiwa, ndoo za mchanga zimepangwa, na kufuli la mlango wa nyuma, lililokuwa halitoki, limetoka. Wote walifundishwa la kujibu: tunatoka kwa wakati, tunatendewa vizuri, hatuna neno.

Mshonaji wa kola alikuwa na neno. Mwezi uliopita mota ya cherehani iliungua, moshi ukajaa ukumbini, watu wakaugonga mlango ule wa nyuma kwa ngumi huku msimamizi akihangaika kutafuta ufunguo. Mdogo wake, mwenye pumu, alitolewa amebebwa. Moto wa kweli ukizuka, atamzika, na wazo hilo lilimnyima usingizi.

Lakini naye hakuwa mtoto wa juzi. Alipoitwa alikaa ukingoni mwa kiti, akajibu kama kasuku.

Mgeni alimsikiliza mpaka mwisho. "Wenzako wameshaniimbia wimbo huo huo, dada. Sikuja kusikia nyimbo."

Hakuwa na kalamu wala karatasi. Alisema karatasi huokotwa na asiyehusika, bora kichwa. Akamuuliza habari za mgongo, za macho yanayowasha, za nyumbani. Mshonaji akajikuta analia, na kilio kikayavuta maneno: kufuli, moshi, mdogo wake, matusi ya msimamizi, yote.

"Ukisema peke yako, wanunuzi wataambiwa una chuki zako," mgeni alimwambia taratibu. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Nani mwingine anaweza kuyasema haya?"

Akasita. Kisha akamtaja mdogo wake, akamtaja Mama Pacha wa vifungo, na bibi mmoja wa kupiga pasi. Mgeni akamshika mkono, akamwambia ajikaze, jambo lake limefika.

Jioni, njiani kurudi nyumbani, alimwambia mdogo wake kuwa mlango ule hautafungwa tena. Walicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya moshi.

Asubuhi mlinzi wa getini alimzuia. Akamzuia na mdogo wake. Mama Pacha na bibi wa pasi walikuwa wameshasimama ukutani, vitambulisho vyao vya kazi vimechukuliwa, hakuna anayejua kosa lake.

Gari likapiga honi. Geti likafunguliwa upesi, wakapita wageni watatu ambao mshonaji hakuwahi kuwaona.

"Hao ni akina nani?" aliuliza.

Mlinzi alifunga geti kwanza, kisha akamtazama kwa huruma.

"Hao ndio wakaguzi, dada. Yule wa jana aliletwa na meneja, kuwachuja."