Maikrofoni ya Pili

Fundi mitambo aliisogeza maikrofoni ya pili karibu na nyuzi za tambura. Mwimbaji akairudisha ilipokuwa, chini kidogo ya kidevu cha dada yake.

"Lakini dada haimbi," fundi alisema. "Anapiga tambura tu."

"Iache hapo."

Fundi akaiacha. Ukibishana na msanii, utalala studio.

Jazi ya mwimbaji huyu ilikuwa besi moja, mvumo wa tambura, na mahadhi ya raga za Kihindi aliyofunzwa utotoni pamoja na dada yake. Mashairi yake yalikuwa haba: mstari, kimya kirefu, mstari. *Hapana, si mvua.* Kimya. *Mimi pia.* Kimya. *Nenda, nitakungoja.* Wajuzi walisema usanii wake wote umo kwenye kile kimya. Sifa ziliingia sikio hili zikatokea lile. Tangu mwaka jana moyo wake ulikuwa umekufa ganzi.

Dada mtu alikaa nyuma yake, skafu shingoni, macho kayafumba, vidole vikizipitia nyuzi taratibu.

Walipomaliza, dada akabaki kitini kupumzika. Fundi alimwita mwimbaji kwenye chumba cha mitambo.

"Kampuni inataka nikate hizi nafasi tupu. Zikibaki, santuri haitoki."

"Basi isitoke." Alisema kama mtu anayekataa sukari kwenye chai.

"Umeihangaikia mwaka mzima, unaitupa kwa sababu ya kimya?"

"Usikate kitu."

Uvumilivu ukamwisha fundi. Akazima sauti zote, akabakisha maikrofoni ya pili peke yake, amwonyeshe kuwa haina kitu.

Ilikuwa na pumzi. Zilianza pale mstari ulipoishia, zikapanda, zikashuka, zikakaza, zikakatika sekunde moja kabla ya mstari unaofuata. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kila penye kimya palikuwa hivyo hivyo.

Akatazama ng'ambo ya kioo. Dada mtu alikuwa amefungua skafu ajifute jasho. Kovu pana la upasuaji lilikata koo lake, na katikati yake palikuwa na tundu dogo la kupumulia.

Fundi aliishusha sauti, ingawa huko ng'ambo hawakusikika.

"Kumbe zamani naye alikuwa anakuitikia?"

"Hapana," alisema mwimbaji. "Nyimbo ni zake. Mimi ndiye ninayeitikia."