Sauti ya Mama Yake Siwatu

Kazi ya Chausiku katika maktaba ya chuo kikuu ilikuwa kuhamisha sauti za kanda za zamani na kuzihifadhi kwenye kompyuta. Asubuhi hiyo alikuwa na Bibi Siwatu, ambaye marehemu mama yake aliwahi kurekodiwa na watafiti akiimba nyimbo za kubembeleza watoto. Bibi hakuwa na hata picha ya mama yake.

"Kanda imeoza, bibi," Chausiku alimwambia. "Nimeisafisha kadiri nilivyojua. Tukiipiga huenda ikaharibika kabisa, na tukiiacha itazidi kuoza."

"Ipige, mjukuu wangu. Mimi nami nangoja mpaka lini?"

Chausiku akawasha mashine. Ulisikika mkwaruzo, kisha mwanamke akakohoa na kusema, "Siwatu, hebu nyamaza kulia, nataka kuimba."

Bibi akashtuka. "Abee, mama!"

Wimbo haukuja. Sauti ilizama katika mvumo, na unga wa kahawia ukaanza kudondoka mezani kutoka kwenye utepe. Chausiku alizima mashine upesi, akauinua utepe kwenye mwanga. Ulikuwa mtupu, unaonyesha upande wa pili kama nailoni. Unga ule ndio ulioshika sauti; kila kilichorekodiwa kilikuwa kimebanduka.

"Mbona umemnyamazisha?" bibi aliuliza.

Chausiku aliushusha utepe. Alijua hakuna fundi wa kuirudisha sauti ile.

Bibi aliutazama ule unga. Kisha akautandika upindo wa kanga yake ukingoni mwa meza, akaanza kuukusanya unga kwa kiganja, taratibu, asiache hata chembe.