Cheni ya Warfa

"Itangazwe kwa askari na raia wote kwamba Garissa nzima haina cheni wala sproketi za pikipiki kuukuu!"

Saynab alitangaza hivyo akiwa amekalia gunia la mtama. Ndani ya mtama huo alikuwa ameficha cheni mpya na sproketi zake mbili, alizokabidhiwa asubuhi na mwenye duka ampelekee kaka yake.

Kaka huyo, Warfa, hakucheka. Siku nne alikuwa amezunguka madukani, na mfuko wa dawa alizopaswa kuwapelekea kwa pikipiki wagonjwa wa kule visimani bado ulining'inia begani.

"Abaayo, dada yangu," alisema kwa uchovu, "sema wallahi."

Saynab alifungua kinywa. Mizaha yote aliiweza, lakini kiapo cha uongo hakukiweza. Akatazama vidole vyake. Grisi nyeusi ilikuwa imejaa chini ya kucha zenye hina.

"Inuka," Warfa alisema, macho yake kwenye grisi hiyo.

Hakuinuka.

"Nimezificha mimi, aboowe, kaka yangu. Juzi lori lilikanyaga bomu kwenye barabara hiyo hiyo yako ya visimani, na hata sanda hazikutosha." Alilishika gunia kwa mikono miwili. "Ukizitaka, utaninyanyua mwenyewe."